Sidiria ya Kipimo cha Mke wa Karani

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Ni siku niliyoingia dukani Baraka kununua sidiria ya kwanza maishani mwangu. Usicheke. Ninyi leo mnazichambua sokoni zikiwa zimelundikwa chini kama mihogo, mnazivuta, mnazijaribisha juu ya nguo mbele za watu, kisha mnaondoka zenu. Wakati wetu haikuwa hivyo. Wabelgiji walikuwa bado wakubwa wa nchi, na neno uhuru hatukuwa tumelizoea masikioni. Sidiria zilikuja kwa meli kutoka Albertville, bandari kubwa ya ziwa letu, chache, kila moja ndani ya karatasi yake, zikakaa nyuma ya meza ya muuza duka pamoja na sabuni za harufu. Tuliziita sutie, kwa Kifaransa chetu cha kuungaunga.

Muuza duka alikuwa mwanamume, na ugumu wote ulianzia hapo. Mwanamke wa heshima angemwambia nini? Angesema kifua changu ni kikubwa au kidogo? Tulikuwa tunaonyesha kwa kidevu, tunachukua, tunakimbia. Kujaribu lilikuwa jambo la mtu aliyekosa akili.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilizaliwa juu milimani, Fizi, kwa watu wa jembe, nikaolewa chini ziwani, Baraka, na mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, jina lake Etabo. Mungu alikuwa ametupa mtoto wa kike, wa kwanza, mwenye wiki tano, na padri alikuwa amepanga kumbatiza Jumapili ya wiki iliyofuata. Etabo alikuwa amevua vizuri. Kabla ya kuvuka ghuba kwenda rasi ya Ubwari na wenzake kwa siku kadhaa, alinipa kitu kidogo mkononi akaniambia ninunue kile roho yangu inachotaka kwa ajili ya ubatizo.

Roho yangu ilitaka kufanana na mke wa karani.

Alikuwa mwanamke wa Albertville, mwembamba, ambaye mume wake aliandika makaratasi katika bureau. Kanisani nilimtazama kuliko nilivyotazama altare, Mungu anisamehe. Blauzi yake haikuwa na mkunjo hata mmoja. Alipopiga magoti alinyooka, alipoinuka alinyooka. Basi siku ile nilipoingia dukani nikamkuta. Alionyesha sidiria moja nyeupe, akafungiwa, akaniamkia kwa adabu, akatoka. Muuza duka akanigeukia. Nikasema, "Kama yake."

Maneno mawili tu, mwanangu. Nimeishi miaka mingi, na sijui kama nimewahi kusema maneno mawili yaliyonigharimu kama hayo.

Nyumbani nilijifungia chumbani. Nilitoa pumzi yote iliyokuwa kifuani, nikavuta, nikashika kulabu ya mwisho kwa ncha ya kidole, ikaingia. Nikajitazama katika kioo cha Etabo cha kunyolea ndevu, ambacho kilionyesha kipande kimoja cha mtu kwa wakati mmoja. Kifua kilikuwa kimesimama. Kweli sidiria ilikuwa imenibana chini ya kwapa kama mshipi wa mzigo, lakini ujana una kiburi chake. Maumivu yale niliyaita uzuri. Nikaamua kuivaa kila siku ili mwili uizoee kabla ya Jumapili.

Tena niliivaa kwa siri, kwa sababu niliishi na mama mkwe wangu, Mama Etabo. Alikuwa mama mwema, lakini mambo mapya aliyapokea kama watu wanavyopokea mvua ya mawe. Alishawahi kumwona msichana mmoja amevaa sidiria akasema, "Titi kazi yake ni kunyonyesha, si kusimama." Mimi nikajifunika kikwembe, kitenge changu, mpaka shingoni, hata wakati wa jua kali, na nilipotaka kunyonyesha nilivuta kitambaa cha sidiria juu kidogo, nikampa mtoto, nikakirudisha pale pale juu ya titi. Sikuifungua hata kulala.

Siku ya pili titi la kushoto likawa zito. Siku ya tatu likawa gumu kama embe bichi, jekundu ubavuni, na homa ikanishika mpaka meno yanagongana. Mtoto alivuta, akaachia, akalia. Akavuta tena, akalia zaidi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwangu mimi siku zile methali hiyo haikuwa fumbo hata kidogo.

Mama Etabo alitafuta sababu, na mtu anayetafuta sababu kwa hofu hupata ile iliyo karibu. Jirani yetu alikuwa mwanamke mpole, Mama Riziki. Hakuwahi kuzaa, hilo "Mama" tulimpa kwa heshima. Siku moja kabla ya homa yangu alikuja kumwona mtoto, akampakata, akasema, "Mutoto huyu iko munene, anapendeza." Basi. Neno la upendo. Lakini homa ilipokuja, Mama Etabo alilikumbuka neno lile.

"Ni jicho ya Riziki," alisema. "Asiyezaa anasifia mutoto ya watu, na kisha maziwa inakauka. We hauoni?"

Nilikuwa nimelala mkekani na sidiria imenibana. Nilijua kabisa kilichokuwa kinanila. Nikanyamaza.

Maneno hayakai ndani ya nyumba, hutoka kabla ya mwenye nyumba. Asubuhi iliyofuata, kutoka pale nilipokaa mlangoni, niliwaona bamama waliokuwa wakifua ziwani wakihamisha mabeseni yao. Mama Riziki alibaki peke yake na nguo zake, na pande zote mbili mchanga mtupu. Alifua polepole. Hakuinua kichwa. Mimi nilijifunika kikwembe, nikageuza uso.

Mwanangu, nimekosa mengi, lakini lile ndilo ninaloliona aibu. Kuvaa nguo isiyonitosha ulikuwa ujinga wa msichana. Kumwacha mtu abebe kosa langu ulikuwa ubaya.

Saa ile ile Mama Etabo aliweka sufuria jikoni, akapika uji mwepesi wa muhogo ili ampe mtoto. Akaniambia kwamba kesho mapema mtoto angepelekwa juu, Fizi, kwa dada yangu aliyekuwa ananyonyesha. Njia ile ya kupanda kwa miguu, mtoto wa wiki tano, mgonjwa wa njaa. Nililia, lakini nilikuwa sina nguvu ya kukataa, na ukweli bado sikuwa nimeusema.

Hapo ndipo alipoingia Mama Zaina.

Nataka nimweleze vizuri huyu mama, maana watu wa aina yake hawaandikwi popote. Alikuwa wa familia za Kiislamu za kando ya ziwa. Mume wake alikuwa fundi nguo aliyeshona barazani, suruali na kanzu na kaptura za makarani. Lakini wanawake hawakutaka awapime, na yeye mwenyewe hakutaka kuwapima. Basi Mama Zaina alimwomba amfundishe, akajifunza mpaka akampita. Alikuwa na cherehani ya mkono aliyoiweka juu ya mkeka, akashona amekaa, mguu mmoja umekunjwa. Alishonea Waislamu, alishonea Wakatoliki na Waprotestanti, na kanzu ya ubatizo ya mtoto wangu ndiyo aliyokuwa ameileta asubuhi ile, nyeupe, imekunjwa ndani ya kitambaa safi.

Alimsalimia mama mkwe, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu. Wakati wote huo macho yake yalikuwa kwangu. Fundi wa nguo hakutazami uso kwanza.

"Namna gani, mutoto yangu?" aliniuliza. "Juu ya nini unashika mukono mbali na mwili?"

"Ni baridi tu, mama."

"Baridi haikalaka ku titi moja."

Akamgeukia mama mkwe wangu, akamwomba kwa upole achemshe maji na atafute kitambaa kisafi. Mama Etabo alipotoka, Mama Zaina alisogeza pazia la mlango, akakaa mbele yangu, akasema, "Fungua."

Nikafungua. Nilimwona akivuta pumzi, lakini hakusema ole wala hakunipigia kelele. Aliziachia kulabu moja baada ya nyingine kwa vidole vilivyozoea kazi hiyo, taratibu, kama mtu anayetoa samaki katika wavu bila kukata uzi. Sidiria ilipoanguka, ngozi yangu ilikuwa imechorwa mfereji kuzunguka mwili mzima. Alikunja nguo ile, akaitia chini kabisa ya kikapu chake, akafunika na vitambaa.

Maji yalipofika alilowesha kitambaa, akaniwekea juu ya titi, akaanza kulisugua kwa kiganja kutoka ubavuni kuja mbele, polepole. Iliuma, sikufichi. Kisha akamchukua mtoto, akamgeuza, miguu yake ikapita chini ya kwapa langu, kidevu chake kikaelekea pale palipokuwa pagumu zaidi. "Hata ukilia, usimutoe," aliniambia. Mtoto akavuta, akaachia. Akavuta tena. Mara ya nne nikasikia kitu kinafunguka ndani, na mtoto akaanza kumeza, glu, glu, glu. Mama Etabo alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji mkononi. Aliliweka chini.

"Ilikuwa nini?" aliuliza.

"Maziwa ilifungiwa njia," alijibu Mama Zaina. "Sasa njia iko wazi. Atamunyonyesha kila mara, na maji ya moto kila mara. Kama kesho homa iko palepale, tutaenda wote ku dispanseri. Hiyo si mambo ya kungojea."

Hakusema uongo hata neno moja, na hakunitoa uchi. Nilimshangaa. Watu wengi wakijua siri yako hutaka angalau mtu mmoja ajue kwamba wanajua.

Mama mkwe alipokwenda kumwaga maji, nilimshika Mama Zaina mkono nikamshukuru kwa kunifichia. Hapo ndipo aliponikemea, kwa sauti ya chini ambayo mpaka leo naisikia.

"Ile nguo, ni nani alikupima?"

"Hakuna muntu. Niliona muke ya karani anachukua, nikachukua sawa yake."

"Muke ya karani iko na mwili yake, we uko na yako. Tena we unanyonyesha. Ile nguo haina makosa, mutoto yangu. Ni nzuri. Haikushonewa we, ni ile tu." Akagusa kikapu chake. "Nguo nimeificha mimi. Lakini ile maneno juu ya Mama Riziki, mimi siwezi kuificha. Nimepita ku ziwa, nimeona namna anafua. Ile utaitoa we mwenyewe, na kinywa yako."

"Mama mukwe atanifukuza."

"Pengine atakasirika. Lakini we utakaa namna gani hapa, kila asubuhi unamuona?"

Aliondoka. Nililala, nikaamka, nikanyonyesha, nikalala. Jua la mchana lilipopungua homa ilikuwa imeshuka, na hapo sikuwa tena na ugonjwa wa kujificha nyuma yake. Nilimwambia mama mkwe yote: duka, "kama yake", kikwembe shingoni. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua ndagala. Hakunitukana. Aliusukuma ungo pembeni, akasema, "Mi ndiye nilisema ku bantu." Akajifunga kitambaa kichwani. "Simama. Tunaenda wote wawili."

Tukaenda, mimi na mtoto mgongoni. Mama Riziki alikuwa anafagia uwanja wake. Nilipomaliza kusema alikuwa ameushikilia ufagio kwa mikono miwili. Nilitamani anipige. Alisema, "Mi nilianza kuamini. Nilisema, pengine ni kweli, jicho yangu iko mubaya. Ndiyo maana nilikuwa siangalie batoto ya bantu tena."

Mama Etabo akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikampa Mama Riziki, naye alikaa kidogo bila kumpokea, kisha akampokea. Asubuhi iliyofuata mama mkwe wangu alibeba beseni lake mpaka ziwani, akaliweka kando ya beseni la Mama Riziki, karibu kiasi cha kugusana, akafua nguo mpaka jua likawa juu. Wenzao walirudi mmoja mmoja. Hakuna aliyetoa hotuba.

Siku mbili baadaye Mama Zaina aliniita nyumbani kwake. Ukutani, kwenye misumari, zilining'inia nyuzi za pamba, nyingi, kila moja ina mafundo yake. Nikamuuliza ni za nini. Ni bamama wa Baraka, aliniambia. Kila mwanamke ana uzi wake, fundo hili la chini ya kifua, hili la juu yake, hili la bega. Hakuandika jina hata moja. Alijua kwa kutazama tu uzi huu ni wa nani, na mtu mwingine asingeweza kujua kitu. Hivyo ndivyo alivyozitunza heshima zetu, zinaning'inia mbele ya macho ya kila mgeni na hakuna awezaye kuzisoma.

Akachukua uzi mpya, akanipima. Alipima upande wa kushoto na wa kulia kila mmoja peke yake, akasema bado hajaona mwanamke ambaye pande zake mbili ni sawa, na Mungu hakukosea. Alinipima nimesimama, akanipima nimeinama kama ninayelima. Akaniambia ninyanyue mikono kama ninayejitwika ndoo, kisha nivute pumzi mpaka mwisho, kisha nikae kama ninayenyonyesha. Akanishonea sidiria ya kitambaa laini cha pamba, yenye vifungo mbele, ili mtoto apate chakula chake bila vita. Mkanda wa chini ulikuwa mpana. Uzito unakaa chini, aliniambia, si juu ya mabega. Ukiona mabega yamechimbwa, mkanda wa chini haufanyi kazi yake. Kisha akapitisha vidole viwili kati ya mkanda na mgongo wangu, vikapita bila kusukuma. "Hapo," alisema. Ile ya dukani akaifumua, kitambaa chake akakifanya mfuko wa sindano.

Nilipoivaa nilisahau kwamba nimeivaa. Jumapili nilisimama mbele ya padri nimenyooka, na mtoto ndani ya kanzu yake nyeupe. Mke wa karani baada ya misa alinishika mkono, akauliza kwa sauti ndogo fundi wangu ni nani. Kumbe naye, mwanangu, ile ya dukani ilikuwa ikimkata kila siku, naye alidhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Nami nikamtazama mwanamke niliyetamani kuwa yeye, nikamwonea huruma, nikampeleka kwa Mama Zaina.

Na mama mkwe wangu? Alikaa kama mwezi mzima akitazama jinsi ninavyolima bila kushika kiuno. Kisha akaniambia, akitazama pembeni, kwamba mgongo unamuuma miaka mingi, akauliza kama Mama Zaina ana uzi uliobaki. Kutoka hapo hakurudia tena ile methali yake ya titi na kusimama.

Mtoto yule wa kanzu nyeupe ndiye aliyemzaa mama yako.

Sasa nikuambie kwa nini nimesema yote haya. Juzi nimekuona umelala chali kitandani, umebana pumzi, unavuta zipu ya jinzi kwa mikono miwili, na rafiki yako anakusaidia. Baadaye nimekuona mezani huli. Nikauliza, ukasema umeshiba. Mimi jinzi sina ugomvi nayo. Ningekuwa na miaka yako ningeivaa na ningetembea nayo toka hapa mpaka Fizi. Nguo nzuri juu ya mwanamke mzuri ni sifa kwa aliyemuumba na kwa aliyeshona. Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako, na kipimo cha kuazima ni hivyo hivyo. Uliichagua kwa kuwa inakutosha, au kwa kuwa umeiona kwa mwingine?

Ukienda sokoni, usiulize namba iliyoandikwa, hiyo namba haikujui. Chuchumaa ndani yake. Inama, nyanyua mikono, vuta pumzi mpaka chini ya tumbo. Pitisha vidole. Ikikukatalia kupumua, irudishe bila aibu, na usirudi nyumbani ukiuchukia mwili wako kwa kosa la fundi wa mbali ambaye hajawahi kukuona. Kiuno chako ni cha bibi zako, wanawake waliopanda milima na mizigo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Na kitu kikikuuma, sema mapema. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na baya zaidi ni pale kilio kinapomwangukia mtu asiye na kosa. Ukikosea, rudi kwa yule aliyeumizwa na kosa lako, kwa miguu yako na kinywa chako. Na ukikabidhiwa siri ya mwanamke mwenzako, itunze.

Sogea karibu nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe mwili wenye afya na macho ya kuupenda. Akupe kifua cha kupumua na mgongo usioinama mbele ya mtu. Ukizaa, maziwa yasikose njia. Akuweke kati ya wanawake wanaojua kufungua bila kuaibisha, na siku moja akufanye mmoja wao. Nenda, mwanangu, unyooke.